Jina la Ukutani

Muuguzi aliita jina la mwanangu, nikainuka. Wakainuka na wengine wawili.

Ilikuwa asubuhi ya chanjo. Kliniki ilijaa, mabenchi yamebanana kiasi kwamba ukitaka kumhamishia mtoto mkono wa pili, jirani yako naye ilibidi ajisogeze. Mwanangu, wiki kumi, alikuwa amelala kifuani kwangu. Aliyeinuka mbele yangu alikuwa dada mrefu aliyevaa sare ya mhudumu wa hoteli. Aliyeinuka nyuma alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita watu walio mbali. Tukatazamana kama watu watatu waliokutana shereheni wamevaa kitambaa kimoja.

"Jamani," muuguzi akasema, kadi ikiwa mkononi, "nimeita mtoto mmoja, mbona naletewa darasa?"

Watu wakacheka. Akasoma na jina la baba, kumbe mtoto alikuwa wa yule mhudumu. Sisi wawili tukarudi kukaa. 

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Niliwahi kuliandika mara moja tu mahali pa wazi, na haya ninayoyasimulia ndiyo yaliyotokea. Inatosha nikisema kwamba lilikuwa la baba yangu, fundi mizani, aliyezunguka madukani na kisanduku chake cha vyuma akirekebisha mizani zilizochoka. Alipewa na mkunga aliyempokea, na mkunga hakuwahi kumwambia mtu alilitoa wapi. Mpaka Baba anafariki hatukumjua mwingine mwenye jina hilo. Shuleni, mwalimu mpya akisoma orodha na kufika kwangu, alisita kama mtu aliyefika kwenye daraja bovu. Wenzangu walicheka. Nilipokuwa mdogo iliniuma. Nilipokua nikaanza kulipenda, hasa kwa kauli ile ya Baba mwenyewe aliyoisema akiketi hospitalini kungojea zamu: "Wakiniita mimi, sina haja ya kugeuka kuangalia kama kuna mwingine."

Hilo ndilo nililotaka kumpa mwanangu. Nilikuwa nimemwahidi Mama tangu mimba ya miezi mitano.

"Na wewe ulilitoa wapi?" mama mnene akaniuliza, amejipinda kwenye benchi.

"Kwetu," nikasema.

"Mimi nimeliokota kwa jirani. Nililisikia tu, nikasema hili sasa lina uzito. Wanasema alikuwa hakimu mmoja wa zamani."

Mhudumu wa hoteli alikuwa anarudi kutoka kwenye mzani, mtoto wake akilia kwa hasira. "Si hakimu," akasema. "Wifi yangu aliliona ofisi ya usajili, ukutani. Karani akamwambia lilikuwa la mtu mmoja wa haki sana, hajawahi kumpunja mtu."

"Si ndiyo hakimu huyo?"

"Labda. Wifi alitukataza tusilitumie, eti ni lake. Nikajifungua kabla yake, nikalitumia. Mpaka leo hatuongei."

Nikamfunika mwanangu miguu ambayo ilikuwa imeshafunikwa. Karani wa kwanza kuyasema maneno hayo alikuwa mimi.

Ofisini kwetu, kando ya dirisha la kwanza, hubandikwa fomu ya mfano. Ni fomu ya kuzaliwa iliyojazwa kila kisanduku, ili anayekuja ajue wapi pa jina la mtoto, wapi pa baba, wapi pa sahihi. Bila hiyo watu huandika jina la mkunga mahali pa mama, na siku inaharibika. Nilipoanza kazi, fomu ile ilikuwa na majina ya kawaida kabisa, yale ambayo ukiyaita sokoni wanageuka watu kumi. Siku moja akaja seremala mmoja amevimba. Majina yake yote mawili yalikuwa pale, kwenye kisanduku cha baba.

"Huyu mtoto ni wa nani?" akauliza, kidole ukutani.

"Ni mfano tu, mzee wangu."

"Mfano! Mke wangu amehama na masufuria kwa ajili ya huo mfano. Nendeni mkamwambie nyinyi."

Bosi wetu tunamwita Mzee Mihuri, kwa sababu mihuri ya ofisi haiachi mezani hata akienda kunawa mikono. Alimwandikia seremala barua ya kumpelekea mkewe, akaigonga muhuri mara mbili, mmoja wa tarehe na mmoja wa kutuliza. Kisha akanigeukia mimi, maana nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni mwaka uliotangulia na mwandiko wangu ulikuwa unasifiwa.

"Andika fomu mpya," akasema. "Na utafute jina ambalo hakuna mtu analo. Hakuna hata mmoja. Sitaki masufuria tena."

Nikachukua faharasa, yale madaftari makubwa yenye majina ya watoto wote waliosajiliwa, nikayapitia moja baada ya jingine kwa siku tatu. Jina la Baba halikuwemo. Yeye mwenyewe alizaliwa kabla vitabu havijafika kwao. Basi, kwenye kisanduku cha mtoto nikaliandika, kwa kalamu nene nyeusi, herufi zimesimama wima kama zinapigwa picha. Baba alikuwa na mwaka mmoja tu kaburini. Nilifurahi kulikuta pale kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha.

Sikufikiria kitu kimoja, ambacho karani yeyote angepaswa kukifikiria. Watu wengi huja kwetu na mtoto asiye na jina. Ukoo umegombana, au baba anataka hili na bibi anataka lile, na siku zimewaishia. Wanasimama kwenye foleni saa nzima, macho hayana kazi, yanasoma ukuta. Wakifika dirishani, wanauliza.

"Dada, hili jina lina maana gani?"

Ningeweza kujibu, "Ni mfano tu." Nilijibu hivyo mara ya kwanza. Mara ya pili alikuwa msichana mdogo wa umri, peke yake, na mtoto aliyefungwa kwenye shuka la hospitali. Nikainama karibu na kile kitundu cha kuongelea. "Lilikuwa la mtu mmoja fundi," nikasema. "Alikuwa anatengeneza mizani. Mizani aliyoigusa yeye haikumpunja mtu."

Akalitazama tena ukutani. Akaliandika.

Nilikwenda nyumbani siku ile nikitembea kama aliyepandishwa cheo. Baada yake wakaja wengine watano, nikawasimulia vilevile, nikawaandika kwa mkono wangu. Kisha Mzee Mihuri akanihamishia chumba cha ndani, dawati la vifo, ambako hatuoni dirisha wala ukuta ule. Nikaolewa. Miaka minne ikapita. Fomu ya mfano ikaendelea na kazi bila mimi.

Jioni ya siku ile ya kliniki nilimweleza mume wangu. Ni fundi umeme. Alikuwa amelala chali sakafuni, mtoto tumboni kwake, bisibisi bado mfukoni.

"Sasa shida iko wapi?" akasema. "Ni zuri, wamelipenda."

"Nilitaka awe peke yake."

"Mama Kijana, unampa mtoto jina au unamwekea namba ya gari?"

"Usinitanie."

"Sikutanii. Basi tumpe la babu yangu mimi. Hao wako kila nyumba, hutashtuka tena maisha yako yote."

Nilimrushia nepi kavu. Alicheka, lakini alipoona sichezi, akaiweka ile nepi kwenye rundo lake. "Zimebaki siku ngapi?"

"Ishirini."

Sheria yetu ni siku tisini. Zikipita, usajili unakuwa safari nyingine, na maswali mengine. Karani wa usajili mwenyewe kukaribia kupitisha siku za mwanawe, hilo lingekuwa kichekesho cha ofisi mpaka nistaafu. Nilikuwa nimechelewa kwa makusudi, nikimngojea Mama aje, ili nimkabidhi cheti mkononi. Kadi ya kliniki ni kadi tu, unaweza kufuta ukaandika juu. Kilichoandikwa kwenye kitabu chetu hakifutwi.

Kesho yake nilikwenda ofisini, ingawa nilikuwa likizo ya uzazi, mtoto mgongoni. Nikafungua faharasa, nikahesabu kwa kidole. Wale sita wa kwanza walikuwa kwa mwandiko wangu. Waliofuata walikuwa kwa mwandiko wa wenzangu, na mwaka wa mwisho wamefuatana kama wanaitana. Thelathini na saba.

Mzee Mihuri alikuja kusimama nyuma yangu, akanuka wino. "Nimesikia unatafuta nini," akasema. "Huku dirishani tunaliita la ukutani. 'Mwandikie la ukutani.' Kwani hukujua?"

"Nilijua sita."

"Nilikuagiza utafute jina lisilo na mtu. Ukafanya kazi safi. Kosa liko wapi?"

"Lina mtu, Bosi. Ni la baba yangu."

Akavua miwani. "Uliniambia?"

"Sikukuambia."

"Loo." Akatia mkono mfukoni, mihuri ikagongana. "Nikiing'oa leo ile fomu itakusaidia?"

Niliifunga faharasa. "Hao thelathini na saba tutawang'oa vipi?"

"Hapo sasa," akasema. "Hapo hata mimi sina muhuri."

Nikarudi nyumbani na uamuzi. Ningemtafutia jina jingine. Nilikuwa na kamusi yangu ya masomo ya jioni, nikatoa humo majina manne ambayo nilihakikisha kwenye faharasa kuwa hayana mtu. Nikalichagua moja, nikaanza kumwita nalo. Nikimnyonyesha, namwita. Nikimwosha, namwita. Mtoto hakujali, lakini hata lile la kwanza hakulijali, yeye alikuwa anasikiliza maziwa tu. Shida ilikuwa ulimi wangu. Kila nilipomwita kwa haraka, akiwa anateleza kwenye beseni, lilitoka la Baba.

Aliyenikosesha usingizi wa mchana alikuwa Mama. Tulizaliwa wasichana wanne. Kila mimba ya dada zangu, Mama alifunga kitenge vizuri akangoja mvulana, na kila mara alikuja msichana, akamshangilia, akarudi kungoja. Wangu ndiye mjukuu wa kiume wa kwanza. Sasa ningemwambia nini? Kwamba nililimwaga lile jina kama maji, kwa watu nisiowajua, na mjukuu wake nikamtafutia jingine kwenye kamusi?

Alifika zikiwa zimebaki siku tisa. Hakunisalimia mimi kwanza, alimchukua mtoto.

"Mume wangu," akamwambia, "umenenepa bila ruhusa yangu. Huyu mwanamke anakulisha nini?"

Nilimwachia anywe chai. Nilimwachia avue viatu, aulizie mkwewe, alalamikie mkanda wa kikapu uliomkata njiani. Kisha nikamweleza yote, kuanzia seremala na masufuria hadi kliniki. Nilimweleza nikiwa nakunja nguo za mtoto, ili nisimtazame.

Hakunikatiza. Nilipomaliza, akasema, "Thelathini na saba?"

"Ndiyo, Mama. Nimehesabu mwenyewe."

"Wote wazima?"

Nikaacha kukunja. Katika siku zote zile nilizohesabu, hilo sikulihesabu. Lakini jibu nilikuwa nalo, kwa sababu ya dawati langu.

"Wazima," nikasema. "Vifo vinapita mkononi kwangu mimi. Jina lile sijaliandika huko hata mara moja. Aliyekufa nalo ni Baba peke yake."

"Haya," Mama akasema. Akamgeuza mtoto akamlaza begani, akawa anampigapiga mgongo taratibu.

"Nilitaka awe peke yake kama Baba," nikasema. "Akiitwa, ajue ni yeye."

"Nani alikuambia baba yako alipenda kuwa peke yake?"

"Si alikuwa anasema? Hospitalini?"

"Alikuwa anasema mbele zenu. Mtu mzima atasema nini mbele ya watoto?" Alitikisa kichwa. "Tukienda kwenye shughuli za watu, wanaume wanaitana, 'Wajina! Wajina, hujambo?' Wanashikana mikono, wanapeana viti, ukoo wa bure. Yeye yuko pale na mimi, anachezea kofia. Mwaka ule wa dada yako wa pili, akaambiwa na mwenye duka mmoja kwamba kuna muuza mbao mwenye jina kama lake, mji wa tatu kutoka kwetu. Akanyoa ndevu. Akaenda, hana kazi ya mizani wala nini, kwenda tu kumwona. Akakuta mtu kahama mwezi uliopita, hakuna ajuaye alikokwenda. Alirudi, akavua viatu, akasema, 'Kahama.' Siku ile hakuongea tena."

Sikuwa nimewahi kuisikia habari hiyo. Nilimwona Baba na uso ulionyolewa, amesimama kwenye duka la mbao la mtu mwingine, hajui aweke wapi mikono.

"Kwa hiyo hukasiriki?" nikauliza.

"Nimekasirika sana." Na kweli, uso ulikuwa umekaza. "Miaka minne mwenzangu yuko ukutani mjini, watu wanakwenda kumtazama, na mimi mkewe sijaambiwa. Hata kiatu ningevaa nikaja."

"Mama, ni fomu tu."

"Umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi."

"Kesho tunakwenda."

Tulikwenda watatu, asubuhi, kabla jua halijakaza. Mama alivaa gauni lake la kijani, lile la kwendea benki. Sikutaka kupitia mlango wa wafanyakazi. Nilichukua fomu kama watu wengine, nikasimama kwenye foleni ya dirisha la kwanza kama watu wengine, na mwenzangu aliyekuwa ndani akaniona, akainua nyusi, akaendelea na kazi.

Mama hakusimama kwenye foleni. Alikwenda moja kwa moja ukutani, mtoto mgongoni kwake. Karatasi ilikuwa imepauka, kona moja imeinuka. Akaibonyeza ile kona kwa kidole gumba mpaka ikakaa, kisha akarudi hatua moja nyuma, akaangalia.

Kulikuwa na bwana mmoja mbele yangu, amevaa ovaroli ya kiwanda cha rangi, madoa meupe mpaka kwenye masikio. Akamhurumia Mama.

"Bibi, nikusomee?"

"Hilo nalijua," Mama akasema bila kugeuka.

"Aa, la ukutani hilo. Linapendwa sana siku hizi. Hata mimi nimeona nimwandikie wangu hilohilo, wa tatu huyu, yale tuliyokuwa nayo yamekwisha. Nasikia alikuwa hakimu mkubwa."

Sasa Mama akageuka. "Nani kakwambia hakimu?"

"Si watu wanasema..."

"Hakuwa hakimu. Alikuwa fundi mizani. Na alikuwa mbishi, ukimwambia mvua itanyesha anaanika nguo. Na akilala, paka alihama."

Foleni nzima ikacheka. Bwana wa ovaroli akacheka pia, lakini akasogea. "Kwani ulimjua, Bibi?"

"Nimempikia miaka thelathini na moja. Kaa hapo nikueleze, usije ukampa mtoto jina la hakimu ambaye hakuwepo."

Bwana yule akasita, akanitazama mimi. "Dada, shika nafasi yangu."

"Nenda tu mzee wangu, nitakusemea," nikamwambia.

Nilifika dirishani. Mwenzangu alisogeza fomu yangu karibu na mwanga, kwa desturi tu. Kisanduku cha jina la mtoto kilikuwa bado kitupu. Ndani ya mfuko wa mkoba wangu kulikuwa na kile kikaratasi cha majina manne ya kamusi. Nilikiacha hukohuko.

"Unaandika lipi?" mwenzangu akauliza, kwa sauti ya chini, kwani ofisini habari hazilali.

Nyuma yangu nilimsikia Mama akieleza jinsi Baba alivyokuwa akiviweka vile vyuma vya kupimia kwenye kitambaa cheupe, kimoja kimoja, na kukataza mtu asipige chafya. Mtu akauliza kama kweli hakuwahi kumpunja mtu. Mama akasema aliwahi, mara moja, kwa bahati mbaya, ratili nzima, na alirudi siku ya pili kwa yule mwenye duka akamwambia mwenyewe.

Nikaandika. Ule mwandiko uliosifiwa haukuwa mzuri sana siku ile, herufi ya tatu iliegemea ya nne. Mwenzangu akalisoma, akafungua kitabu, akatafuta mstari.

"Wa thelathini na nane," akasema.

"Na bwana wa ovaroli ni wa thelathini na tisa," nikasema. "Yuko pale, anasikiliza. Msimruke."

Nikatia sahihi, nikasogea pembeni kumpisha anayefuata. Mwanangu alikuwa ameamka mgongoni kwa bibi yake, anawatazama watu waliomzunguka. Nikaegemea ukuta, nikamngoja Mama amalize.